Swali la Saba

Mkutano ni kesho saa tatu, ofisini, kule Nyawera,
nami bado nimekwama kwenye swali la saba:
Mhusika anahitaji msaada masaa mangapi kwa siku?

Umeme umekwenda zake. Nimewasha tochi ya simu,
nimeiegemeza kwenye sufuria ya sombe.
Nsimire amelalia ubavu wa kushoto,
wa kulia una kidonda.
Hilo nalo liandikwe? Kumgeuza saa sita, kumgeuza saa tisa,
dakika tano, au arobaini akiwa ameota vibaya?

Jana alipita Mama Buhendwa, ambaye mwanawe alipata fungu mwaka jana.
Akaniambia: usimvishe vizuri.
Usimsuke. Wakimwona anang'aa watasema huyu ana mtu,
na pesa zitapanda kilima kingine.
Wape siku mbaya tu. Siku nzuri ziache nyumbani.
Hakosei. Anawajua.
Mara ya kwanza alikwenda na tabasamu,
akarudi nalo, basi.

Kwa hiyo naandika siku mbaya.
Naandika mvua ya Novemba, na ngazi mia na kumi na mbili za udongo
toka mlangoni petu, Kadutu, hadi barabarani,
yeye mgongoni, miaka kumi na sita, kilo thelathini na nane,
na motari wa kwanza aliyekataa,
na wa pili aliyedai nauli ya maiti.
Naandika uji uliopotea njia ukaingia kifuani.
Naandika kifafa cha Pasaka, na dawa ya dola kumi na moja
katika mwezi usio na dola.
Naandika kiti cha magurudumu tulichopewa zamani,
kilichoundwa na watu wasiojua mlima:
sasa kuku wa jirani anatagia humo.
Kalamu inakwenda mbio, mbio za mtu anayesengenya.

Maana ni kusengenya, sivyo?
Namchongea mwanangu kwa watu wa mezani
ili wamhurumie kwa hesabu.

Hawakuacha nafasi ya kuandika anavyocheka
shefu wa avenyu akipita na kipaza sauti chake kibovu.
Hakuna kisanduku cha kutia alama
kwamba buti lolote likilia uchochoroni
macho yake hukimbilia mlango,
miaka mitatu sasa tangu baba yake afuate dhahabu Kamituga.

Swali la saba.
Nimechukua maharagwe, haragwe moja kwa kila saa:
ya kumlisha, ya kumwosha, ya kufua,
ya kumfuta mate, ya kukaa naye tu asijing'ate ulimi.
Yakafika ishirini na tano.
Nikayarudisha kikomboni, nikahesabu upya.
Ishirini na tano.
Siku yenu ni fupi, waheshimiwa.

La nane nimeliruka. La tisa linauliza:
Mhusika mwenyewe anataka nini?
Kumbe ameamka. Basi namwuliza.
Kwetu macho juu ni ndiyo, kuyafumba ni hapana.
Kiti kipya? Juu.
Dawa? Juu, kwa uvivu.
Mtu wa kuja mchana, mama apumzike?
Juu, kabla sijamaliza kusema.
Hapo niliinama kidogo, nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

Nini kingine? Shule? Redio? Kuteremka kuona ziwa?
Hajibu. Anatazama rafu,
kopo la maziwa, lile ninalowekea nyuzi za kusukia.
Nsimire, kesho hapana. Mama Buhendwa amesema.
Anatazama kopo.
Kesho kutwa, nakuapia.
Anatazama kopo.

Saa tano na nusu. Betri asilimia kumi na nne.
Nimemlaza kichwa pajani, nimepasua njia ya kwanza
toka utosini hadi kisogoni, nyembamba, imenyooka.
Kesho atang'aa mbele yao, na wao waseme watakalosema.
Itachukua masaa mawili.
Hayo siyaandiki.